Mpango wa samadi kwa mfugaji wa Kilimanjaro: kutoka bandani hadi kihambani na shamba la chini

Katika miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Rombo mpaka Hai, rutuba hupanda mlima. Kila mwaka mavuno yakiisha, mabua ya mahindi na maganda ya maharage hupakiwa kwenye magari kutoka shamba la chini, lile la tambarare, na kuletwa kihambani, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Ng'ombe anakula akiwa bandani, na samadi yake inamwagwa kwenye migomba iliyo hatua ishirini kutoka hapo. Gari likishuka tena kufuata mabua mengine, linashuka tupu. Miaka inavyopita, migomba ya karibu na banda inashiba kupita kiasi huku mahindi ya tambarare yakizidi kuwa mafupi na ya njano, na mfugaji ananunua mbolea ya yuria kila msimu kuziba pengo. Wakati huohuo mkojo, ambao una karibu nusu ya naitrojeni yote anayotoa ng'ombe, unazama ardhini nyuma ya banda au unateremka na mvua hadi kwenye mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia, ambamo majirani wa chini wanachota maji.

Mpango wa samadi unajibu mambo matatu: kiasi gani kinatoka bandani, kinapotelea wapi, na kirudi shamba lipi. Hesabu zilizo hapa ni za kaya yenye ng'ombe wawili wa maziwa chotara na mtamba mmoja, kihamba cha ekari 1, na shamba la chini la ekari 2 linalopandwa mahindi na maharage. Mwenye mifugo zaidi au pungufu abadilishe kwa uwiano.

Chora ramani, na uichore siku ya mvua

Kwenye karatasi kubwa weka mipaka ya kihamba, nyumba, choo, banda, lundo la samadi, kisima au chemchemi, mfongo, mto na njia. Onyesha kwa mishale mteremko unakoelekea. Ramani ya siku ya jua haitoshi. Subiri mvua kubwa ya masika, vaa buti, simama nyuma ya banda na ufuate maji ya kahawia yanakokwenda mpaka mwisho wake. Njia hiyo ichore kwa kalamu nyekundu: ndiyo mbolea yako inayoondoka.

Kisha pima umbali. Lundo na tanki la mkojo viwe angalau meta 30 kutoka kisima au chemchemi. Kwa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka meta 60 kutoka ukingoni ambako shughuli za kudumu haziruhusiwi, kwa hiyo usianzishe banda wala shimo la samadi ndani ya eneo hilo. Kwa mfongo, cha kuangalia kwanza ni upande: hifadhi ya samadi ikae upande wa chini wa mfongo, kamwe isiwe juu yake. Kama banda la zamani tayari liko juu na haliwezi kuhamishwa, basi sakafu ya zege na tanki la mkojo ni lazima, na kati ya banda na mfongo panda ukanda wa majani ya Guatemala au mabingobingo wenye upana wa meta 5 hivi.

Kinachotoka bandani

Ng'ombe chotara wa kilo 350 hadi 400 hutoa kinyesi kilo 20 hadi 25 kwa siku na mkojo lita 8 hadi 12. Mtamba hutoa karibu nusu ya hapo. Kwa kaya yetu ni kinyesi kilo 55 hivi na mkojo lita 25 kila siku.

Naitrojeni inakadiriwa kutokana na chakula. Tuseme ng'ombe anakula kilo 9 za malisho yakipimwa makavu, yenye protini asilimia 12. Hiyo ni protini kilo 1.08. Gawanya kwa 6.25 upate naitrojeni gramu 173. Maziwa lita 8 yanaondoka na gramu 40 hivi. Zinazobaki, gramu 130 kwa siku, zinatoka nyuma, na kwa mwaka zinafika kilo 45 hivi. Ng'ombe wawili na mtamba, jumla ni kama kilo 115. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Banda hili dogo, basi, linatoa naitrojeni ya mifuko mitano ya yuria kila mwaka, pamoja na fosforasi na potasiamu ambazo yuria haina kabisa.

Kuna jambo moja la kushika hapo, kwa sababu linaamua kila kinachofuata. Fosforasi karibu yote iko kwenye kinyesi, lakini potasiamu iliyo nyingi imo kwenye mkojo. Mfugaji anayekusanya kinyesi tu na kuacha mkojo unazama anapeleka shambani mbolea iliyokatwa nusu, na migomba, ambayo inakula potasiamu kuliko mazao mengi, ndiyo inayoumia kwanza.

Sakafu, mtaro na tanki

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote, kwa hiyo kama fedha ni kidogo, anzia hapa.

Shindilia mawe unene wa sentimeta 15, kisha mwaga zege la sentimeta 10 kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Banda la meta za mraba 20 linahitaji takriban mifuko 13 ya saruji. Sakafu ishuke sentimeta 2 hadi 3 kwa kila meta kuelekea mtaroni. Ikilala tambarare mkojo unatuama, na ikiwa kali zaidi ya hapo ng'ombe anateleza na kuumia nyonga. Kabla zege halijakauka, lipitishe ufagio mgumu ili lipate mikwaruzo.

Mtaro uwe na upana wa sentimeta 25 na kina cha 10 hadi 15, ukishuka sentimeta 1 hadi 2 kwa meta. Mwisho wa mtaro jenga chemba ndogo ya sentimeta 40 kila upande. Kinyesi na majani yanayoponyoka yatatua humo, na mkojo safi utapita juu kwa bomba la inchi 4 kuingia tankini. Chemba isafishwe kila wiki. Isiposafishwa bomba linaziba, mkojo unafurika nyuma ya banda, na watu wanasema tanki halifai.

Ukijumlisha mkojo lita 25 na maji kidogo ya kuoshea, tanki linapokea lita 40 hivi kwa siku, kwa hiyo la lita 1,000 linajaa baada ya siku 25. Liwe na mfuniko unaobana. Mkojo ukikaa wazi, ndani ya saa chache yuria iliyomo huanza kugeuka amonia na kupaa hewani. Ile harufu inayochoma pua ukiingia bandani asubuhi ni naitrojeni inayokuaga. Mfuniko pia ni kwa ajili ya watoto. Mtu yeyote asiingie ndani ya tanki au shimo la samadi lililofungwa, hata kama limebaki na maji ya kufika kifundoni, kwa sababu gesi inayokaa chini huua mtu kabla hajajua kilichomtokea, na mara nyingi anayemfuata kumwokoa hufa pia.

Usisahau paa. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la meta za mraba 20 ni lita 1,000 za maji, yaani tanki zima kwa siku moja. Weka mfereji wa bati na uyapeleke maji hayo kwenye pipa la kunyweshea.

Ambaye hana fedha ya saruji atumie matandiko. Majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, maranda, au mabua yaliyobaki horini hunyonya mkojo mara mbili au tatu ya uzito wake, kwa hiyo ng'ombe mmoja anahitaji kilo 4 hadi 5 za matandiko makavu kila siku. Ukiweka kilo moja tu, mkojo unapita na ng'ombe analala kwenye tope, na kiwele kikishika tope ugonjwa wa kiwele hauko mbali.

Kosa moja limeenea sana na linatoka kwa watu wenye nia njema: kumwaga jivu la jikoni kwenye kinyesi kibichi au mtaroni ili kupunguza harufu. Jivu huongeza ukali wa magadi na kuifukuza amonia haraka zaidi. Jivu lina potasiamu nzuri, lakini lihifadhi pakavu, ulipeleke peke yake kwenye mashina ya migomba.

Maji ya dawa ya kupe nayo yasiingie mtaroni. Nyunyizia mifugo mahali pengine, mbali na mfongo. Dawa hizo huua samaki, na huua wadudu wanaosaga samadi.

Hifadhi na mboji

Kinyesi kilo 55 na mabaki ya malisho kilo 10 kwa siku yanafika tani 3.9 kwa miezi miwili, karibu meta za ujazo 5. Jenga vyumba viwili vilivyopakana, kila kimoja meta 2 kwa 2 na ukuta wa meta 1.2, chini pashindiliwe au pawekwe zege, juu paezekwe bati, nyasi au turubai. Jaza cha kwanza kwa miezi miwili, kifunge, uhamie cha pili. Lundo moja linaloongezwa kila siku halikomai: juu kuna kinyesi cha leo, chini cha mwaka jana, na ukichota unabeba vyote.

Kila unene wa sentimeta 20 wa kinyesi, weka sentimeta 10 za vitu vikavu. Kinyesi peke yake kinashikana na kukosa hewa, kinanuka na kuzaa nzi. Vikavu vikizidi, hasa vumbi la mbao, lundo halipati joto, na mboji hiyo ikifika shambani inanyang'anya mimea naitrojeni kwanza. Minya konzi moja: maji yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, unyevu unatosha, yakichuruzika, ongeza vikavu, ikimomonyoka, nyunyizia mkojo kutoka tankini.

Udongo wa volkano wa juu hushikilia fosforasi kiasi kwamba mimea haiipati kirahisi. Unga wa mawe ya fosfeti ya Minjingu, kilo 25 kwa kila tani, ukichanganywa wakati wa kupanga tabaka hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ukirushwa shambani peke yake.

Chomeka fito ndefu katikati ya lundo. Siku ya tano ichomoe uishike pale ilipozama: ikikushinda kushika zaidi ya sekunde chache, joto limefika linapotakiwa, nyuzi 55 hadi 65, na likidumu siku kadhaa mayai ya minyoo na mbegu nyingi za magugu zinakufa. Ikitoka ya vuguvugu, lundo limekosa hewa au unyevu. Geuza baada ya wiki tatu, ya nje iingie ndani, kisha tena baada ya wiki tatu nyingine. Kwa wiki 10 hadi 12 mboji inakuwa ya kahawia nyeusi, imepoa, na inanukia kama udongo wa msituni. Ukiwa na shaka, funga konzi moja yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu. Ukifungua ikakupiga harufu ya uchachu au amonia, bado.

Haraka hapa ina gharama. Samadi mbichi huunguza miche, na huleta funza weupe wanaokata mizizi ya mahindi. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, samadi isiyoiva isiwekwe ikiwa imebaki chini ya miezi minne kabla ya mavuno.

Mwenye mtambo wa biogesi wa meta za ujazo 6, wa aina iliyoenezwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, atalisha kinyesi kilo 40 hadi 50 kwa siku na maji kiasi hichohicho. Gesi inaondoka na kaboni, naitrojeni inabaki kwenye tope linalotoka, tena ikiwa tayari kuliwa na mimea na tayari kupaa. Tope lielekezwe kwenye chumba cha mboji likanywewe na vikavu, au kwenye mfereji uliochimbwa kati ya majani ya malisho na kufukiwa siku hiyohiyo.

Kugawa: kimiminika karibu, mboji mbali

Kwa mwaka kaya hii itapata mboji iliyoiva tani 6 hadi 7, yenye naitrojeni kilo 7 hadi 8 kwa tani. Sasa angalia deni la shamba la chini. Ekari inayotoa magunia 8 ya mahindi inapoteza naitrojeni kilo 12 kwenye nafaka na kilo 6 hadi 7 kwenye mabua, pamoja na potasiamu inayozidi kilo 10 kwenye mabua hayo. Kwa ekari mbili, naitrojeni ni kama kilo 37 kila msimu. Kwa hiyo tani 4 kati ya zile 6 au 7 zinapaswa kushuka. Wengi watasita hapo, kwa kuwa wamezoea kuona samadi yote ikibaki nyumbani, lakini kihamba hakitaachwa na njaa: mkojo wote unabaki huko, kwa sababu ni mzito na haufai kusafirishwa.

Safari zipange na mabua. Kirikuu kinaposhuka Julai au Agosti kufuata mabua, kipakie mboji badala ya kukiachia kishuke tupu. Safari sita zenye kilo 600 hadi 700 kila moja zinatosha. Kule chini usiiache ikipigwa jua hadi Machi. Ilundike sehemu iliyoinuka, ifunike kwa majani na udongo wa sentimeta 10.

Wakati wa kupanda, weka mboji shimoni, usiirushe juu. Kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo 9,000. Kopo la nusu lita lisilojaa, gramu 220 hivi, linamaliza tani 2 kwa ekari. Funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Msimu wa kwanza mboji huachia robo hivi tu ya naitrojeni yake, kwa hiyo miaka ya mwanzo mahindi bado yatahitaji nusu mfuko hadi mfuko wa yuria kwa ekari yakifika magotini. Anayetarajia kuacha yuria mwaka wa kwanza atavunjika moyo na kulaumu mboji bila kosa.

Kihambani, changanya mkojo sehemu 1 na maji sehemu 3 hadi 5. Chimba mfereji mwembamba sentimeta 30 kutoka kwenye shina la mgomba, mimina ndoo ya lita 10, fukia. Mwezi mmoja baadaye rudia, ila uhamie upande mwingine wa shina. Mabingobingo na Guatemala yapewe kila baada ya kukatwa. Majani yanayokatwa kila wiki 6 hadi 8 bila kurudishiwa chochote hunyong'onyea ndani ya miaka michache, na watu hudhani ni mbegu mbaya. Mboji iliyobaki igawiwe kahawa, debe moja kwa mti chini ya mwavuli wake, na ile migomba ya mbali ambayo toroli halifiki mara kwa mara. Ile ya karibu na banda iruke mwaka mzima. Imekula vya kutosha, na ziada ikishuka na maji hugeuka naitreti kwenye visima, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo.

Siku ambayo wingu zito limefunga, usimwage kitu. Subiri mvua kubwa ipite na udongo uwe na unyevu bila kutota.

Kuzuia udongo usiondoke na mbolea

Mboji ikiwekwa kwenye mteremko ulio wazi, mvua moja ya Aprili inaweza kuipeleka kwa jirani. Pima kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, kwa fremu ya A (fito tatu zenye umbo la A na timazi), chimba mtaro wa fanya juu wenye upana na kina cha sentimeta 60, udongo urushwe upande wa juu, na juu ya tuta panda majani ya malisho. Mahali ardhi inaposhuka kwa kimo cha mtu mzima, weka tuta jingine. Majani hayo hushika udongo, hunywa virutubisho vinavyoponyoka, nawe unayakata kuwalisha ng'ombe.

Daftari na sampuli

Pima mara moja uzito wa toroli na debe lako likiwa na mboji, uandike kwenye ubao wa banda. Madebe yote ni lita 20 lakini uzito hutofautiana kwa unyevu. Kisha kila linapotoka toroli, andika tarehe na shamba lilikokwenda. Andika pia tarehe za kufunga chumba, kugeuza, na kumwaga mkojo.

Shambani soma majani. Mahindi yakianza unjano wa umbo la V kutoka ncha ya majani ya chini, ni naitrojeni. Zambarau kwenye miche ni fosforasi. Kingo za majani ya chini zikiungua, au majani makongwe ya mgomba yakigeuka rangi ya chungwa na kukauka mapema, ni potasiamu: mara nyingi mkojo unavuja mahali, rudi ukague chemba.

Kila baada ya miaka mitatu pima udongo, kila shamba peke yake. Tembea zigizagi, chukua vijisampuli 15 hadi 20 kwa kina cha sentimeta 20, epuka mahali palipolundikwa samadi au palipochomwa moto, changanya kwenye ndoo ya plastiki isiyobeba mbolea, kausha kivulini, na upeleke nusu kilo maabara, kama ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Peleka Novemba au Desemba, ili majibu yawe mkononi kabla ya kufungua lundo la Machi.